Waya wa Kwenda Banda la Kapteni

Mwezi uliopita nilimfukuza fundi umeme nyumbani kwangu, na mwanangu mpaka leo ananitazama kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Mwanangu kajenga banda la gari nyuma ya nyumba, mabati machache juu ya nguzo za chuma, akataka umeme ufike huko: taa moja na soketi ya kuchajia betri. Fundi mwenyewe kijana mstaarabu, viatu vyake vinang'aa kuliko sahani zangu. Akaanza kuchimba mtaro kutoka ukuta wa jikoni. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua mchele. Udongo mwekundu ulipofunuka ukatoa ile harufu yake ya kutu na mvua, ikachanganyika na harufu ya ngozi mpya ya kebo, nami nikauweka ungo chini. Nikamwambia, "Baba, fukia hilo shimo. Waya upitishe juu." Akacheka kwa adabu, akaanza kunisomesha kwamba waya wa chini ndio salama zaidi. Nikamwambia hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa, na kama hataki kufukia, achukue koleo lake aende zake. Akaenda.

Mwanangu hakuuliza sababu, nami sikumweleza. Ninyi wenzangu mliokuwa watoto Kampala miaka ile, miaka ya sukari kwa foleni na redio kusikilizwa kwa sauti ya chini, ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa fundi umeme. Kwetu ni watu wa asili ya pwani. Wazee walikuja na biashara, biashara ikafa, wakabaki na dini na Kiswahili. Tulikaa Kibuli, chini ya kilima, chumba na ukumbi. Kazi Baba alijifunza kwa Mhindi mmoja mwenye duka Nakasero, mtu mkali aliyempiga vidoleni kwa mpini wa bisibisi kila alipoacha waya wazi hata nusu ya ukucha. Wahindi walipofukuzwa, yule bwana alimwachia Baba sanduku la zana na wosia mmoja: kazi ya kufichwa ifanye vizuri kuliko kazi ya kuonekana, kwa sababu ile ya kufichwa hakuna atakayekuja kuikagua ila moto. Baba aliushika wosia ule sawasawa, akaongeza na wake: "Umeme hauna shemeji." Maana yake haumhurumii mtu kwa kujuana naye. Kila akisema hivyo alicheka peke yake, maana sisi tulishausikia mpaka tukachoka.

Mwenzake kazini alikuwa Okot, Mwacholi mrefu aliyebeba ngazi na kuchimba mitaro. Alikaa Nakawa na mkewe, Mama Laker, na watoto wao watatu. Okot alimwita Baba "Sheikh", ingawa Baba hakuwa sheikh wa kitu chochote, na Baba akamwita yeye "Mnara". Jumamosi Okot alikunywa malwa, ile pombe ya ulezi, na wenzake. Jumatatu akija na macho mekundu, Baba alimkataza kupanda ngazi siku nzima, akampa kazi za ardhini, na Okot hakununa. Mimi nilimpenda kwa sababu alinijibu kila nilichouliza. Watu wazima wa miaka ile hawakujibu maswali ya watoto. Walitazama mlango kwanza, kisha wakakutuma maji.

Nilikuwa na miaka minane bibi yangu alipofariki, mama yake Baba. Nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja, kwa hiyo kifo chake kilinipa kitanda kikubwa na usingizi mdogo. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Jeneza likatoka mlangoni juu ya mabega ya wanaume, sisi tukabaki ndani na ubani na vilio, na mimi nikabaki na swali langu: wamempeleka wapi, na wamemfanya nini huko? Mama aliniambia nimwombee. Shangazi aliniambia nilale. Kesho yake Okot, aliyekwenda kusaidia kuchimba, aliniona nimejikunyata kwenye ngazi akakaa kando yangu.

"Bibi yako iko salama kabisa," aliniambia. "Mimi mwenyewe nilichimba. Tulimufunga kitambaa nyeupe, kamba huku, kamba huku. Baba yako akashika upande moja, akasema bismillahi, tukamulaza polepole. Chini udongo laini. Juu yake mbao, ndiyo mchanga isimuguse. Halafu tukafunika."

Nililala usiku ule. Nilikuwa sijawahi kuona kaburi hata moja, lakini sasa nilikuwa na kaburi zima kichwani, nimepewa na mchimbaji mwenyewe. Ningekuwa mtoto wa kiume ningekwenda, ningeliona kwa macho, na haya nisingekuwa nayaandika.

Haikupita muda, Kapteni mmoja wa jeshi akamwita Baba. Kapteni alikuwa amepewa nyumba Bugolobi, nyumba ya Mhindi mwenye kiwanda, na pamoja na nyumba akapata Pijo nyeupe aliyoipenda kuliko wake zake, kwa maneno ya Okot. Akalijengea banda gari lake upande wa pili wa ua, mbali na nyumba, chini ya mti wa parachichi. Sasa alitaka banda liwake taa, gari lionekane tangu magharibi hadi alfajiri. Shule zilikuwa zimefungwa, Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu na hakutaka mtu wa kumpigia kelele, basi Baba akanipakia kwenye keria ya nyuma ya baiskeli tukaenda wote.

Kapteni alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa fulana na suruali ya jeshi. Alinipa pipi. Sijui kwa nini hilo linaniudhi mpaka leo, lakini linaniudhi.

"Fundi, mimi nataka taa kwa gari yangu. Leo."

"Ndiyo, afande. Tuione njia kwanza."

"Njia gani? Umeme iko kwa nyumba, gari iko pale. Toa hapa, peleka pale. Pitisha juu ya ile muti."

Mtu mwenye akili zake angesema ndiyo afande, angetundika waya juu ya mparachichi, angemaliza kabla ya adhuhuri, angerudi kwake akala ugali. Mafundi wote wa mji walifanya hivyo. Nyaya za Kampala zilikaa kwenye miti kama nguo zilizoanikwa. Lakini Baba alikuwa na wosia wake. Akamweleza Kapteni, kwa heshima, jinsi tawi linavyosugua waya kila upepo ukivuma mpaka ngozi inakwisha, na mvua ikinyesha banda zima la mabati linashika umeme, na gari, na mwenye kushika mlango wa gari.

"Nipe siku tatu, afande. Nitaupitisha chini, na hutaniita tena maisha yako yote."

Kapteni akacheka. "Chini kama panya?" Kisha akamwekea Baba mkono begani. "Sawa. Siku tatu. Taa isipowaka, wewe ndiyo utawaka."

Baba naye akacheka. Okot hakucheka.

Nimekutana na mafundi wengi tangu hapo na sijaona kazi kama ile. Walifunga uzi kutoka ukutani hadi bandani ili mtaro unyooke. Okot akachimba mpaka usawa wa paja lake, na paja la Okot mnalikisia. Chini wakamwaga mchanga uliochekechwa, usiwe na jiwe la kuichoma kebo. Kebo ililetwa na lori la jeshi, nene, na ndani ya ngozi yake mna nyuzi za chuma. Juu yake mchanga tena, kisha safu ya vigae vya zamani vya paa, kisha udongo. Nilimuuliza Okot vigae vya nini. "Ni salamu," akaniambia. "Siku moja mtu atachimba hapa, hajui. Jembe yake itagonga kigae, atajua kuna mwenye alimufikiria." Hapo ndipo nilipouona ustaarabu wa Baba yangu, na sijauona mwingine uliouzidi.

Siku ya pili nililala chini ya ukuta wa jikoni baada ya chakula. Nilipoamka jua lilikuwa limekwenda upande, na Baba na Okot walikuwa wamefika mwisho wa mtaro, chini ya banda, ambako walikuwa wamechimba shimo pana zaidi. Leo najua lilikuwa shimo la nini. Kebo huachiwa akiba mwishoni ili ncha ikiharibika fundi ajaye apate pa kukata. Ile akiba Baba aliikunja mara kadhaa, ikawa na urefu wa mtu. Ncha aliipandisha kwenye nguzo ya banda, na kwa kuwa saruji ya nguzo ilikuwa bado mbichi na hakutaka igandie ile akiba, aliiviringishia kanzu yake kuukuu akaifunga kwa kamba. Ndiyo maelezo yote. Fundi yeyote atakwambia ni uangalifu tu.

Mimi nilichokiona ni kitu cheupe, kirefu, kamba huku na kamba huku. Baba kashika upande mmoja, Okot upande wa pili. Nikamsikia Baba akisema bismillahi, kama alivyosema kabla ya kugusa kitu chochote kile, hata kijiko. Wakakilaza juu ya mchanga polepole. Wakapanga vigae juu yake. Wakafukia.

Nikafumba macho nikajifanya nimelala bado.

Sikuogopa vile mnavyodhani. Hata watoto tulijua kwamba watu walikuwa wakipotea, na kwamba wenye magari kama ya Kapteni waliwajua waliopotea. Tulijua pia, kwa kusikia wanawake wakinong'ona kisimani, kwamba wengi hawakuzikwa kabisa. Walitupwa mtoni au msituni bila sanda. Basi akili yangu ya miaka minane ilifanya hesabu yake na ikapata jibu: Kapteni alikuwa na maiti, na Baba yangu, kwa kuwa ni Baba yangu, alikataa atupwe, akamzika kama tulivyomzika Bibi. Njiani kurudi niliegemea mgongo wake kwenye baiskeli, nikaunusa ule mchanganyiko wa jasho na mpira, nikajiona binti wa mtu mkubwa kuliko wote mjini.

Siku ya tatu taa ikawaka. Kapteni akaizima na kuiwasha kama mtoto, akampa Baba sukari mfuko mzima. Sukari! Mama alipoiona alikaa chini. Tulikunywa chai tamu siku nne, na Okot akapeleka nusu ya mfuko kwa watoto wake.

Siku ya kwanza kati ya hizo nne nilikwenda chuoni, tulikosomea Kurani kwa Maalim, na Zaituni, aliyekaa nami mkeka mmoja, akaanza kujisifu kwamba baba yake alikuwa amechinja ng'ombe wa waziri. Nikamvumilia mpaka nikashindwa. Nikamwinamia sikioni.

"Baba yangu amemzika mtu kwa Kapteni, Bugolobi. Chini ya banda la gari. Kwa sanda na kila kitu."

"Muongo."

"Wallahi. Nimeona kwa macho yangu."

Zaituni aliacha kabisa habari za ng'ombe, na nikafurahi. Alfajiri ya pili yake chuo kizima kilikuwa kinajua. Maalim alikuja akasimama juu yetu na bakora yake, lakini hakupiga mtu. Alisema kwa sauti ndogo, "Atakayelirudia neno hilo nitamkata ulimi," kisha akaturuhusu twende nyumbani mapema. Nilifikiri ana homa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala, wanaume wawili walipiga hodi kwetu. Walivaa vizuri, walivua viatu, walimwamkia Mama. Baba alikuwa hajamaliza kula.

"Fundi, kazi kidogo tu Bugolobi. Beba koleo yako."

"Taa imezimika?" Baba akauliza.

"Beba koleo."

Baba akanawa mikono. Alinawa polepole, kidole kimoja kimoja, akimtazama Mama. Nje palikuwa na gari, na Okot alikuwa tayari ndani yake, magoti yamefika kidevuni. Aliniona nikichungulia akanipungia vidole viwili. Nilimpungia mkono wote. Nilidhani wanakwenda kurekebisha taa.

Yaliyotokea huko niliyapata baadaye, kidogo kidogo, kwa Mama. Kulikuwa na ofisa mmoja amepotea, na wakubwa wenzake walikuwa wanamshuku Kapteni. Neno la kaburi chini ya banda la gari lilipowafikia waliliona limetoka mbinguni. Wakawalazimisha Baba na Okot wafukue kwa mikono yao wenyewe. Vigae vikatokea. Kisha kitambaa cheupe kikatokea, wote wakarudi nyuma hatua moja. Mmoja akakata kamba kwa kisu, akafunua, akaona kebo.

Hapo palikuwa pa kucheka. Kwa dunia nyingine yoyote, watu wangecheka, wangepeana mikono, wangeagizana chai. Wale hawakucheka, kwa sababu walikuwa wamekuja kutafuta siri, na mtu aliyekuja kutafuta siri hakubali kurudi na waya wa taa.

"Umeme ya Kampala yote inapita juu," mkubwa wao akasema. "Hii munaficha ya nini?"

Baba akamweleza habari za tawi, na mvua, na mabati.

"Tena munavalisha kanzu. Hii ni simu. Inaenda kwa nani? Nani iko anasikiliza?"

Kadiri Baba alivyoeleza jinsi kazi ilivyofanywa vizuri ndivyo alivyojimaliza. Nani anachekecha mchanga kwa ajili ya taa ya gari? Nani anapanga vigae mahali pasipoonekana? Akaitwa Kapteni, akaja na fulana yake, akaulizwa. Na Kapteni, ili apone yeye, hakuhitaji hata kusema uongo.

"Mimi nilisema waya ipite juu ya muti. Hawa wawili ndiyo walikataa. Walitaka chini."

Siku kumi na mbili hatukuwa na Baba. Mama alizunguka mji mzima na tumbo lake. Alikwenda Nakasero kwenye ofisi ya watu wa usalama, akaambiwa hapa hakuna mtu kama huyo, akaenda Luzira kwenye lango la gereza, akafukuzwa na askari aliyemwambia, "Nenda nyumbani, nyabo, utazalia hapa." Usiku alikuwa akisema peke yake, "Ya Rabi, hata maiti yake tu." Nikimsikia hivyo nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilikuwa nimeanza kuelewa, si yote, ila kiasi cha kutosha kuacha kula. Nilijua Baba atakufa na nilijua ni kwa neno langu, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu yule aliyejibu maswali yangu alikuwa huko huko na Baba.

Mwishowe Maalim alipata mzee mmoja wa msikitini aliyeswali safu moja na ofisa fulani. Mzee akamsemea Baba: huyu ni mtu wetu, namjua ukoo wake, mwanafunzi wa chuo chetu. Baba akarudi kwa miguu mchana kweupe, amekonda, dole gumba la mkono wa kulia limevimba na kugeuka upande. Alikaa kitandani kwa Bibi, ambacho kilikuwa changu, akataka maji.

"Na Okot?" Mama akauliza.

Baba alikunywa maji yote kwanza. "Walituuliza majina. Langu lilinisaidia."

Miaka ile jina la Kiacholi peke yake lilitosha kumuua mtu. Dole lile halikunyooka, na tangu siku hiyo Baba hakugusa waya. Alifungua kibanda cha kuuza makaa. Balbu ikiungua nyumbani alimwita jirani aibadilishe, yeye akatoka nje.

Mama Laker alikuja wiki iliyofuata, na mtoto mgongoni na wawili mkononi. Alikuwa mwanamke mdogo sana, sasa ndiyo naona. Labda hakuwa amefika miaka ishirini na mitano. Mama akampokea kwa kilio. Baba akamkalisha kitini, yeye akakaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mgeni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Sheikh, niambie tu," Mama Laker alisema. "Nani alitusemea vibaya? Sisi tulikosea nani?"

Nilishika pazia nikangoja jina langu.

"Ni yeye mwenyewe, dada yangu," Baba akasema. "Jumamosi, kwenye malwa. Alijisifu kwamba amechimba kitu cha siri kwa Kapteni. Mdomo wake ndio uliotuponza."

Mama Laker hakulia. Alisimama, akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Nilimwambia," alisema. "Kila Jumamosi nilimwambia." Akaenda.

Nami nyuma ya pazia, Mungu anisamehe, nilipata furaha ambayo sijaipata tena. Haikuwa mimi! Alikuwa Okot na pombe yake! Nilitoka nikala sahani mbili za wali. Niliiamini hadithi ile kwa moyo wote, nikakua nayo; kwetu mtu akiropoka tuliambiana, "Usiwe Okot." Mimi ndiye niliyesema hivyo kuliko wote.

Nilisema hivyo mara ya mwisho nikiwa msichana wa kuposwa. Tulikuwa jikoni, nikimsimanga mlevi mmoja wa mtaani, nikasema ataishia kama Okot. Mama akaweka mwiko chini.

"Okot hakusema kitu," aliniambia. "Jumamosi ile hata malwa hakwenda, alikuwa anakula sukari na wanawe. Maalim alikuja hapa siku ya pili baada ya Baba yako kurudi. Alitueleza nani alisema, na alimwambia nani, na mkeka gani."

Nilimuuliza kwa nini Baba alimdanganya yule mama. Mama alinitazama kama mjinga.

"Angemwambia ni binti yangu? Ungeishi vipi hapa? Okot alikuwa ameshakufa, mwanangu. Wewe ulikuwa hai."

Baba sikumuuliza neno. Tuliishi nyumba moja, tukala pamoja, nikaolewa kutoka mlango wake, nikamletea wajukuu, na jambo hilo halikupita kati yetu hata siku moja. Yule mtu aliyechekecha mchanga kwa ajili ya taa ya gari la mwingine alisema uongo mmoja tu mkubwa maishani mwake, akaupachika kwenye jina la rafiki yake, na aliusema kwa ajili yangu. Wapo watakaosema huo ni upendo wa mzazi. Ni upendo, sikatai. Lakini mimi ndiye niliyeula, na najua ladha yake.

Baba alifariki mzee. Siku ya arobaini yake watu walijaa, na mchana, wakati wanawake tunakula, akaingia mama mmoja wa Kiacholi amejitanda kitambaa cheusi, kaja kwa basi kutoka Gulu. Sikumjua mpaka alipotaja jina la Laker. Nikamkalisha karibu yangu. Alikula kidogo, akanishika mkono.

"Baba yako alikuwa mutu ya ukweli," alisema. "Wale wengine wote walinidanganya. Huyu anasema mume wako iko Luzira, huyu anasema amekimbia Sudan. Sheikh peke yake aliniambia wazi. Mimi niliwacha kulia siku ile. Nilikasirika. Hasira ilinisaidia kulea watoto. Lakini jina ya ule mwanaume sikuita tena kwa nyumba yangu. Wajukuu kumi na moja, hakuna hata moja mwenye jina yake. Nilikataa. Nilisema mulevi alitutupa kwa sababu ya mudomo."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimenyamaza miaka yote hiyo na hakuna kilichonishinda. Sijui hata kama nilisema kwa ajili yake au kwa ajili yangu mwenyewe, nimechoka kubeba. Nikamwambia. Nikamweleza kanzu, na kamba, na Zaituni, na mkeka. Nikamwambia Jumamosi ile Okot alikuwa nyumbani anakula sukari.

"Sukari," alisema. "Ndiyo. Alileta sukari. Hasira ilinifanya nisahau."

Wanawake waliokuwa karibu walikuwa wanagawana wali na hawakusikia kitu.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Minane."

"Basi hakuwa amekunywa."

"Hakuwa amekunywa, mama. Nisamehe."

Alivuta mkono wake kutoka kwangu, si kwa nguvu, akajitanda kitambaa chake upya.

"Wewe usiniombe musamaha leo," alisema. "Mimi nafikiria nitamuomba yeye namna gani."

Akasimama. Nikainuka nimsindikize mpaka barabarani, kama tunavyowafanyia wageni wetu. Akanionyesha kwa kiganja nibaki, na akaenda peke yake.